Gari la Kwanza la Kijana Huanzia kwenye Breki

Wazazi, walezi, na nyinyi vijana mliojibana kule nyuma, habari za jioni.

Tuanze na sheria tuimalize, maana haina utata. Gari hapa kwetu linaendeshwa na mtu aliyetimiza miaka 18 na mwenye leseni ya daraja D. Wa miaka 16 au 17, hata awe anashika usukani kuliko baba yake, asubiri. Hapo tatizo si trafiki peke yake. Ajali ikitokea na dereva hana leseni halali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kukulipa, na deni linabaki mezani kwa mzazi.

Tuseme basi kijana ametimiza 18, amepita chuo cha udereva, leseni anayo. Nyumbani linazuka swali: Vitz au IST? Hilo ni swali la baadaye. La kwanza ni hili: huyu dereva atakosea wapi? Maana atakosea. Dereva mpya anachelewa kuiona hatari, anakanyaga breki dakika ya mwisho, anaganda nyuma ya gari la mbele, anaingia konani na kasi. Gari lake linunuliwe kwa ajili ya makosa hayo. Liwe linasimama haraka, lisiwe jepesi kupinduka, limkinge akigonga, na lisimtie tamaa ya kukimbia.

Kwa kipimo hicho yapo ya kuachwa. Mark X na Crown, kwanza. Nasikia minong'ono huko nyuma, lakini subirini. Mark X inaanzia cc 2500 na nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma. Sasa chukua mvua ya kwanza ya Dodoma, Novemba au Desemba. Lami imekaa miezi sita bila tone, imebeba vumbi na mafuta yaliyodondoka kwenye malori. Dakika za mwanzo za mvua ile, barabara ni sabuni. Gari lenye nguvu likikanyagwa mafuta konani, mkia unatoka njiani, na kuurudisha kunataka mikono iliyozoea.

Noah na Alphard naziacha kwa sababu nyingine: viti. Kila rafiki anayeongezeka ndani ya gari la kijana anaongeza kelele, ushindani na hatari. Gari la viti vinane litajazwa watu wanane, hilo halina mjadala. Escudo na RAV4 za zamani ziko juu, na gari la juu likikatwa usukani ghafla kumkwepa mbuzi pale Mbande hupinduka kwa urahisi kuliko gari la chini.

Nitakapowaudhi wazazi ni kwenye Vitz na Passo za cc 1000. Mnazipenda kwa mafuta, nami siwalaumu. Kwa safari za Makole, Area C na Kisasa zinafaa. Shida inaanza barabara ya Morogoro. Tupige hesabu. Semi-trela la mita 18 linakwenda kilomita 70 kwa saa. Kijana analipita kwa 90. Tofauti ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu kwa sekunde. Anatakiwa kumaliza urefu wa lori, urefu wa gari lake, na nafasi ya mita 20 nyuma na 20 mbele: jumla mita 62 hivi. Hizo ni sekunde 11. Ndani ya sekunde 11 yeye amesafiri karibu mita 280, na anayekuja mbele yake kwa kasi hiyohiyo naye amesafiri 280. Anahitaji kuona barabara nyeupe mita 560 kabla hajatoka. Na hesabu hiyo imechukulia kwamba tayari yuko kwenye 90. Gari la cc 1000 lenye watu wanne na mabegi, likianzia 70 nyuma ya lori, linaweza kuchukua sekunde nyingi kufika hiyo 90, na sekunde hizo anazimalizia upande wa wenzake.

Uzito nao una neno. Passo ina kama kilo 900. Ikikutana na gari zito, inayoumia ni yenyewe. Marekani ipo taasisi ya bima za usalama barabarani, IIHS, inayotoa orodha ya magari yaliyotumika yanayowafaa vijana. Magari madogo kabisa haiyaweki, na yenye nguvu nyingi haiyaweki vilevile. Kwa mazingira yetu mimi natafsiri hivi: mwili wa wastani, injini ndogo. Allion au Premio ya cc 1500, ile ya 2001 hadi 2007, ina injini ya 1NZ, na mwili wake ni kama kilo 1,100 na ushee. Injini hiyohiyo imo kwenye Raum ya pili na kwenye IST ya kwanza ya cc 1500. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, inakula oili lita 3.7 pamoja na filta, na spea zake zinapatikana hata Kibaigwa. Kwa vumbi letu badilisheni oili kila kilomita 5,000, na filta ya hewa ikung'utwe na kukaguliwa kila mwezi kama kijana anakaa Nkuhungu au Nzuguni ambako lami haijafika mlangoni.

Angalieni tu msiuziwe Premio ya cc 2000 yenye maandishi D-4. Injini ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Mafuta machafu yanaua pampu na nozeli zake, na njia za hewa zinajaa masizi kwa sababu petroli haipiti huko kuziosha. Bei yake ya kununulia huwa chini. Sasa mnajua kwa nini.

Muulizeni pia muuzaji gia boksi ni ya aina gani. IST ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. IST ya pili, iliyoanza 2007, na Axio nyingi zina CVT, yaani gia boksi isiyo na gia za hatua. CVT si mbaya, ila inataka oili yake yenyewe, iliyoandikwa CVT kwenye kopo. Fundi akimimina oili ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa "zote ni nyekundu", mkanda wa chuma ulio ndani unaanza kuteleza, na baada ya hapo mnazungumzia kununua gia boksi nyingine.

Tufike kwenye ukaguzi, na hapa naomba vijana mje mbele kidogo.

Mwambieni muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika. Shikeni boneti kwa kiganja. Kama ina joto, kuna kitu kimefichwa, rudini kesho asubuhi. Injini ikiwa baridi fungueni kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulenti, kijani au nyekundu. Mkikuta maji ya kahawia yenye kutu, mjue limekuwa likijazwa maji ya bomba, na maji ya visima vya Dodoma mnayajua yalivyo na chumvi: yanaacha gamba jeupe ndani ya rejeta kama lile la ndani ya birika. Gari likichemka, baadhi ya mafundi huitoa thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, wakadhani wametibu. Injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe bado upo. Namna ya kujua ni rahisi: gari lizunguke robo saa asubuhi ya Julai, na mshale wa joto uonyeshe kwamba injini imekaa kwenye joto lake, au taa ya bluu izime kwa magari yasiyo na mshale.

Washeni sasa, mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokatika hata injini ikipata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi, petroli imezidi. Wekeni gia ya R halafu D, mguu ukiwa kwenye breki. Gari lijibu ndani ya sekunde moja. Likisita sekunde mbili kisha likaruka, gia boksi imechoka. Kata usukani wote kulia, nenda polepole, kisha wote kushoto. Mlio wa tak-tak-tak ni draivu shafti. Halafu tafuteni kipande kitupu, mwende 40, mkanyage breki kwa nguvu. Gari lisivute upande. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda.

Dashibodi inadanganya, nayo ina namna yake ya kubanwa. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa za ABS (breki zinazozuia magurudumu yasikwame) na eabegi lazima ziwake, kisha zizime. Isiyozima ina hitilafu. Ile ambayo haiwaki kabisa ni mbaya zaidi: kuna mtu ameing'oa balbu au ameiunganisha na taa nyingine ili usijue. Na kwenye eabegi kuna suala la Takata, kampuni iliyotengeneza mifuko hiyo kwa Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengineo. Baruti ndani ya baadhi ya mifuko ile huharibika kwa joto, unyevu na umri, na mfuko ukifumuka hurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Magari mengi sana yaliitwa kurudishwa, Vitz na Corolla zikiwemo. Tovuti ya Toyota ya Japani ina mahali pa kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari lako limo na kama lilirekebishwa. Fanyeni hivyo kabla ya kutoa hela.

Kilomita zinarudishwa nyuma, kila mtu anajua. Kwa hiyo tazameni raba ya pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Kilomita 60,000 haziwezi kuila raba mpaka chuma kikaonekana. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho: mstari wa tope karibu na mzizi wake unaonyesha gari lililozama majini. Kisha uvuteni ghafla. Mkanda usipokwama, hauna kazi.

Matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na likawa na miaka kumi. Raba imekauka, haishiki lami iliyolowa. Likizidi miaka sita, mimi silitaki kwenye gari la kijana. Mkinunua mawili tu, yafungeni nyuma. Najua fundi atabisha, atasema gari linavutwa na ya mbele. Sababu ni hii: ya mbele yakiteleza gari linakwenda mbele, dereva anaachia mafuta, linatulia. Ya nyuma yakiteleza, gari linageuka, na dereva mpya hajui la kufanya. Presha ifuateni kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ipimwe asubuhi kabla gari halijatembea.

Fedha. Kama mna milioni 14, tafuteni gari la milioni 12. Mbili zinazobaki ni matairi, pedi, mafuta ya breki, oili, filta, betri na bima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Ulizeni ni wangapi wameyabadilisha. Bima ndogo ni shilingi 118,000 na inamlipa uliyemgonga tu. Kubwa kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani: kwa gari la milioni 12 ni 420,000, ukiweka VAT inafika 495,600. Kwa dereva wa miaka 18, kateni kubwa.

Karatasi ni haraka. Namba D au E inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa usomeni kwenye kadi. Angalieni madeni ya faini za trafiki na ya maegesho ya TARURA kabla ya kulipa, na umiliki uhamishwe TRA mara moja.

Miezi sita ya kwanza: abiria mmoja, saa mbili usiku gari liko nyumbani, safari ya mbali kama Gairo hapana.

Swali pale. Kijana anauliza kama anaweza kukata springi kidogo na kuweka ringi za 17.

Springi ikikatwa, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza. Ukiingia kwenye korongo la Ntyuka inagota mwisho, nguvu yote inakwenda kwenye bushi na boljointi. Magurudumu yanalala kwa ndani, tairi linaliwa upande mmoja. Ringi ya 17 inataka tairi jembamba ubavuni. Shimo moja, ringi imepinda. Na gari lililokatwa springi linachukua muda mrefu zaidi kutulia ukikanyaga breki kwenye barabara mbaya. Badilisha redio, mwanangu. Weka hata spika nne.