Una Miaka 23 na Nywele Zinarudi Nyuma: Upandikize Sasa au Usubiri?

Haya jamani, kabla sijaanza, nyie mliokaa kule nyuma kabisa hebu njooni mbele, viti vipo vingi tu hapa, mnaniachia pengo kama naongea na ukuta. Njooni. Wewe wa jezi nyekundu na mwenzako, na nyie watatu wa kule pembeni. Eeh, asanteni. Kaeni, ila mkumbuke mlichofanya sasa hivi maana nitakirudia baadae.

Mi ni daktari wa ngozi, na kama mnavyoona mwenyewe huku juu hamna kitu (kicheko). Chekeni tu. Nilianza kunyonyoka nikiwa form six, chuo chote nimesoma na kofia kichwani, kwa hiyo mkija hapa mkiwa na hasira na kioo mi nawaelewa, siwezi kumwambia kijana eti nywele ni kitu kidogo, si kitu kidogo, ukiwa na miaka 22 halafu binamu zako wanakuita mzee mbele ya wageni inauma.

Sasa kijana wa siku hizi akija kwangu haji kuuliza ana tatizo gani. Anakuja na simu, kuna video ya mtu yuko Istanbul kichwa kimefungwa bandeji, halafu picha ya pili miezi 12 baadae nywele zimejaa, na yeye ananiambia dokta nina milioni 6, niende nisiende? Anauliza bei, anauliza maumivu. Mi swali langu kwake huwa moja tu. Upara wako umeshamaliza safari?

Ananiangalia. Hajui. Na hawezi kujua, ana miaka 22.

Turudi nyuma kidogo tuelewane. Huu upara tunaoongelea leo, uwaraza, ule unaoanza pembeni mwa paji la uso na utosini, unasababishwa na homoni ya kiume ikikutana na mizizi ya nywele ambayo kwa kurithi imezaliwa ikiwa haiivumilii. Homoni yenyewe inaitwa DHT, mwili unaitengeneza kutoka kwenye testosteroni. Kila mzunguko mzizi unasinyaa kidogo, nywele inatoka nyembamba zaidi na fupi zaidi, mpaka inabaki manyoya tu. Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa James Hamilton, mwaka 1942 aliandika kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, ila ukiwapa homoni ya kiume, wale wenye ukoo wa upara wanaanza kunyonyoka. Yaani matowashi ndo walitufundisha. (kicheko) Hapana, hiyo si tiba, wewe pale usiandike.

Cha muhimu ni kwamba kisogoni na pembeni juu ya masikio, mizizi ya pale haijali DHT. Ndo maana hata babu mwenye upara wa kung'aa anabaki na ule ukanda wa nywele kama kiatu cha farasi. New York miaka ya 1950 daktari Norman Orentreich akagundua kwamba nywele ya kisogoni ukiihamishia mbele inabaki na tabia zake za kisogoni, haifi. Sisi tunasema mwacha asili ni mtumwa, basi nywele ya kisogoni haiachi asili hata ukiipeleka mbele. Upandikizaji wote mnaouona leo umesimama juu ya hilo moja.

Sasa rudini kwenye viti. Mlipohama kutoka nyuma kuja mbele, watu humu ndani wameongezeka? Hawajaongezeka. Mbele pamejaa, geukeni muone nyuma, pako wazi. Kupandikiza nywele ni hivyo hivyo, hakuna nywele mpya inayotengenezwa, ni zile zile zinahamishwa. Na kule nyuma kuna akiba yenye kikomo, kwa mtu wa kawaida grafti, yaani vile vipande vidogo vya nywele na mizizi yake vinavyohamishwa, kama 5,000 au 6,000 hivi kwa maisha yake yote, wengine zaidi kidogo wengine pungufu, na grafti moja ina nywele 1 mpaka 4. Kikao kimoja tu kule Uturuki kinaweza kula 3,000. Umeshatumia nusu ya mtaji na una miaka 23.

Halafu nini kinafuata? Zile ulizopandikiza zinabaki, ziko salama. Ila zile zako za asili zilizo nyuma yake, hazijapewa taarifa yoyote, zinaendelea kuondoka kama zilivyopangiwa. Ukifika miaka 33 una mstari mzuri mbele umenyooka kama wa kinyozi, halafu nyuma yake uwanja mtupu, halafu tena kisogo. Kisiwa. Ni bora upara wa kawaida mara kumi kuliko kisiwa, maana upara wa kawaida ni sura ya watu, kisiwa hakuna binadamu aliyezaliwa nacho.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Wayne Rooney. Juni 2011, akiwa na miaka 25, alitangaza mwenyewe Twitter kwamba amepandikiza London, na 2013 ikaripotiwa amerudi mara ya pili. Watu wanaona kama kurudi ni kwamba ya kwanza ilifeli, si lazima, ukianza mapema kurudi ni sehemu ya mpango, unaufukuzia upara unaotembea. Ila yule alikuwa na mshahara wa Manchester United. Wewe ukimaliza ile milioni 6 ya kuuza kiwanja, ya pili unatoa wapi? Na hata hela ukipata, kisogo ndo kile kile.

Kwa hiyo ndo maana madaktari waangalifu wanasitasita kumgusa mtu wa chini ya miaka 25. Si kwamba ni haramu. Ni kwamba bado hawaoni ramani. Ukimkuta daktari anakuangalia picha kwa WhatsApp dakika 2 na kukuambia grafti 4,500 karibu, huyo hajaangalia kichwa, ameangalia mfuko.

Sasa kuna jambo ambalo kwenye video za Wazungu hulisikii, na kwetu sisi ndo lenyewe. Nywele zetu zimejikunja, sawa, lakini hazijikunji nje tu, hata chini ya ngozi mzizi wenyewe umepinda. Ile njia ya kutoboa moja moja, wanaita FUE, kuna kijibomba cha milimita 1 au pungufu kinaingia kinauzunguka mzizi, sasa kama fundi amezoea nywele zilizonyooka anashuka wima, anaukata mzizi katikati, unatupwa. Kwa hiyo usimuulize amefanya watu wangapi, muulize amefanya weusi wangapi na akuonyeshe picha zao, na si za kisogo cha mbali, za karibu. Uzuri wake nywele iliyojikunja inafunika eneo kubwa kuliko iliyonyooka, hilo Mungu ametupendelea.

La pili ni keloidi. Shika bega lako hapo ulipochanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu. Kama kovu limevimba limekuwa kama punje ya korosho, au ulitoboa sikio likaota donge, au ulichanjwa kwa wembe na makovu yakanyanyuka, simama hapo hapo. Unataka kwenda kutobolewa matundu 3,000 kisogoni? Na wale wenye vile vipele vigumu vya kisogoni vinavyotokea baada ya kunyolewa, humu ndani nawaona kama wanne hivi, msijifiche, hiyo ni hali inayotakiwa kutibiwa kwanza maana pale pale kwenye vipele ndo ghala lenyewe la nywele.

La tatu, na hili nalipenda zaidi. Sisi tuna mlango wa dharura ambao ni mashine namba zero. Buku tatu buku tano kwa kinyozi, umetoka mpya, hakuna anayejua kama ni upara au ni staili, mitaa yote imejaa vijana wamenyoa kipara na nywele wanazo. Ukishapandikiza ule mlango umeufunga mwenyewe. Njia ya kukata kipande cha ngozi inaacha mstari kutoka sikio mpaka sikio, njia ya kutoboa inaacha vidoa vyeupe vyeupe, ukinyoa zero vyote vinaonekana kama umetoka vitani. Yaani kabla ya kulipa hata senti, nyoa zero kwanza, ukae nayo miezi 2. Ukiipenda umeokoa milioni 6. Mi ndo ilivyonitokea, ila najua si kila kichwa kina umbo la kuvumilia.

Nani ananiuliza dawa? Nilijua. Dawa kuu zenye ushahidi ni mbili. Minoksidili, ile ya kupaka, wengi wenu mnaijua kwa ndevu, msikatae. Ilianza kama dawa ya presha, wagonjwa wakaanza kuota nywele mpaka mashavuni ndo watu wakashtuka. Unapaka miezi 4 mpaka 6 ndo unaanza kuhukumu, wiki za kwanza zinaweza kunyonyoka zaidi usikimbie, na ukiacha kile ulichopata kinaondoka. Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku, Marekani kimeruhusiwa kwa upara tangu 1997, chenyewe kinapunguza DHT. Kinafanya kazi, hasa kuzuia zilizobaki zisiondoke. Lakini tuongee kiume, wachache hamu ya tendo inashuka au nguvu zinapungua, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilithibitisha kwamba mawazo ya kujiua ni moja ya madhara yake, kwa hiyo kama una historia ya msongo wa mawazo au ukianza kuitumia ukajiona umebadilika, unaacha na unamwona daktari siku hiyo hiyo. Mke akiwa mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Si pipi, usiagize kwa mtu wa mtandaoni.

Na hapa ndo pa kupimia. Kijana ambaye hataki dawa kabisa na ana miaka 22 na upara unakimbia, mi simshauri apandikize, maana hana kitu cha kushikilia zile zilizobaki. Aliyetumia dawa mwaka mmoja au zaidi, picha zake za kila miezi 3 zinaonyesha imetulia, kisogo kimejaa, hana keloidi, na anachotaka ni mstari wa mtu mzima na si ule wa akiwa na miaka 15, huyo nakaa naye tunaongea. Wapo, na wanatoka vizuri kabisa.

Ila kabla ya yote hayo hakikisha ni upara kweli. Nimeona mtu anadunduliza hela ya Uturuki kumbe ni mapunye. Mwingine ni yale mabaka ya mviringo, nywele zimetoka ghafla kwa sababu kinga ya mwili inazishambulia, hapo ukipandikiza hata hizo mpya zinashambuliwa. Kaswende pia inanyonyoa, eeh, msishangae. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, na kusuka rasta kwa kukaza mpaka macho yanavutwa. Mwone mtu wa ngozi, na si lazima bingwa wa Dar, pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda nzima na waliosomea pale wako mikoani huko.

Uturuki kwenyewe, haraka haraka. Dola 2,000 mpaka 4,000 mara nyingi ni pamoja na hoteli na gari la kukupokea, ndo maana inavutia. Kuna kliniki nzuri sana. Kuna nyingine daktari anakuchorea mstari asubuhi, hamuonani tena, kinachofuata kwa muda wa saa 6 mpaka 8 ni mafundi tu. Uliza kwa maandishi nani anatoboa, nani anapanda. Siku ya 3 au 4 uso unaweza kuvimba mpaka macho yasifunguke, kawaida. Wanaoswali waulize mapema kuhusu kusujudu siku za mwanzo, paji la uso halitakiwi kugusa chini. Halafu ndani ya mwezi zile mpya zinadondoka zote, watu wanalia, wanasema nimetapeliwa. Mzizi umebaki. Zinaanza kurudi kama mwezi wa 4, unasubiri mpaka mwaka.

Maswali. Ndiyo, mafuta ya habasoda na kitunguu maji. Paka kama unapenda harufu, ila usiache kulipia daktari kwa ajili yake.

Wewe dada, umekuja kwa niaba ya mdogo wako, sawa. Baba ana upara, wajomba wana nywele, atafuata wapi? Watu wanasema ni kwa mama tu, si kweli. Kuna jeni moja kubwa, yaani kile kinachobeba sifa za kurithi, inatoka kwa mama, ila zipo nyingine nyingi na zinatoka pande zote. Akija kliniki aje na picha za baba, wajomba, baba wadogo na mababu wote wawili, hiyo ndo ramani pekee tuliyonayo.

Haya wa mwisho, wa kofia ya bluu, umenyoosha mkono tangu saa ile. (anauliza kama kofia inasababisha upara) Hapana bwana. Kofia hainyonyoi mtu. Mi yangu niliivaa miaka mitano, wewe yako ivae tu.