Besi Inavuma Chumbani? Sponji Acha Kwanza

ATHMAN: Haya wasikizaji tumerudi. Kuna ndugu yetu wa Kisauni katuma voisi, asema kanunua sabufa, ile spika ya besi, kaiweka konani, akifungulia muziki wa bango kuna noti moja yavuma mpaka vioo vya dirisha vyalia, halafu akikaa pale kwa kochi noti hiyohiyo haipo. Ashabandika sponji za studio ukuta mzima, wapi.

MWANAISHA: Pole yake. Sponji hizo zapunguza mwangwi wa makofi na sauti ya mtu, besi hata haizioni. Chumba mita ngapi?

ATHMAN: Nne kwa nne. Kochi katikati.

MWANAISHA: Wallahi, mraba! Sasa sikiza, sauti yaenda kama mita 343 kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, yaani 8, wapata hezi 43 hivi, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde. Sasa gita la besi, ile nyuzi nene, bonyeza freti ya kwanza, ni F hiyo, hezi 43 na ushee. Hiyo ndo noti yamtesa.

ATHMAN: Aaah! Na mbona kwa kochi yapotea?

MWANAISHA: Shika karai la maji ulitikise, maji yapanda huku na huku kwenye kingo, katikati yametulia. Ndo hivyo, besi yajazana ukutani, kwenye kona ndo usiseme, na yeye kakaa palepale inapokufa. Na kwa vile upana ni mita 4 pia, noti ni ileile imepigiwa mara mbili. Na kuta zetu hizi za mawe na bloku zapitisha kidogo tu, nyingi yarudi ndani.

ATHMAN: Sasa afanyeje, avunje ukuta?

MWANAISHA: Asinunue kitu kwanza! Abebe sabufa aiweke juu ya kochi, afungulie wimbo wenye besi inayotembea, halafu yeye atambae kando ya ukuta, sikio chini, mahali atakaposikia noti zote zimelingana basi sabufa ihamie hapo.

ATHMAN: Atambae na kikoi chake, wanawe wamtazama tu.

MWANAISHA: Wacha wacheke, mimi naona hiyo ni bora kuliko kifaa chochote cha dukani. Na kochi alisogeze, si katikati wala si kugusa ukuta wa nyuma, aanzie kama asilimia 38 ya urefu wa chumba, mita moja na nusu hivi kutoka ukuta wa mbele, kisha alisogeze kidogokidogo mpaka aridhike.

ATHMAN: Na ikwalaiza je, ile ya kupandisha na kushusha noti?

MWANAISHA: Baadaye. Kuna programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, REW, na maiki ya kupimia, aone kilima, yaani noti inayovuma kupita kiasi, kiko wapi akipunguze. Lakini shimo, pale noti inapopotea, asilijaze, ataumiza amplifaya bure maana kila akiongeza ndo noti yajifuta zaidi. Ikibaki, atie pamba ya mawe konani, unene sentimita 10 mpaka 20, toka chini mpaka darini, na avae glavu yawasha ile.

ATHMAN: Na jirani wa juu atapata usingizi?

MWANAISHA: Hapana bwana, pamba haizuii besi kupanda kwa zege. Huyo dawa yake ni kupunguza volyumu tu.