Swichi Ikate Moto: Mazungumzo Kuhusu Taa za Nje

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Masika yameanza na malalamiko ni yale yale: breka inaruka saa nane usiku, taa za ukutani zinazima zenyewe, geti la chuma linatetemesha mkono. Kufunga umeme sitawafundisha leo, hiyo si kazi ya nusu saa. Nataka fundi akija kwako, ujue cha kumuuliza.

Tazameni ubao huu. Holda moja, balbu moja, swichi moja. Nawasha, inawaka. Nazima, imezima. Mama pale mbele, ungepanda ngazi kubadilisha balbu sasa hivi? Ungepanda, hata mimi ningepanda. Haya, natoa balbu, naingiza testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, ndani ya holda. Mnaona? Testa inawaka. Taa imezimwa na moto, yaani umeme, umo. Msilijaribu hili nyumbani.

Swichi inatakiwa ikate waya wa moto, unaoleta umeme. Hii nimeifunga kwenye nyutro, waya wa kuurudisha, makusudi. Taa inataka waya wa moto na nyutro, na ukikata wowote kati ya hizo mbili itazima. Ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa miaka ishirini bila mtu kulijua. Tofauti ni kwamba ukikata nyutro, volti 230 zimeshafika kwenye holda, zinasubiri njia ya kushuka ardhini. Sebuleni, juu ya vigae vikavu na ndala miguuni, huenda ukasalimika. Nje umesimama kwenye nyasi zilizolowa, umeshika ngazi ya chuma. Njia ni wewe.

Nalisema hili kwa sababu nimelifanya. Taa za geti za kwanza nilizofunga peke yangu zilikuwa hivyo hivyo. Mlinzi alizima swichi kama mtu mwenye akili, akapanda stuli, akarushwa. Aliteguka mkono, na tunashukuru ikaishia hapo. Nyumba ilikuwa na waya za zamani, mimi nikaungia kebo mpya, rangi zikanichanganya. Mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao nyumba zetu nyingi zinao, moto ni mwekundu na nyutro ni nyeusi. Mfumo mpya, ambao Waingereza wenyewe waliuanza 2004, moto ni wa kahawia na nyutro ni bluu. Halafu sikilizeni balaa lake: kwenye umeme wa fezi tatu, bluu ya zamani ilikuwa moto, na nyeusi ya sasa nayo ni moto! Fundi anayetegemea macho bila kupima, mpe nauli arudi kwao.

Kuna anayesema, "Mimi nina breka, sina wasiwasi." Mzee wangu, breka ya ampea 10 inalinda waya usiungue, haikulindi wewe. Umeme wa kuua mtu ni mdogo mno kuliko huo, breka haitashtuka hata kidogo. Kinachokulinda ni RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha kujaribia. Chukua ya miliampea 30, na ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, iwe ethi kweli, si waya wa kijani uliokatwa na kufichwa ukutani.

Unene wa waya usiwasumbue sana. Taa 10 za LED za wati 10 hazifikishi hata nusu ampea, waya wa milimita za mraba 1.5 unazibeba huku umelala. Adui ni maji. Fundi anatoboa ukuta, anapitisha paipu kutoka kwenye taa hadi boksi la swichi, na tundu limeinamia ndani. Huo ni mfereji. Nimewahi kufungua swichi ya sebuleni yakanimwagikia maji ya kujaza kisahani cha chai. Tundu liinamie nje, na waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia ili maji yadondokee hapo. Taa iliyoandikwa IP65, alama ya kuzuia vumbi na maji, ukiitoboa kwa juu upitishe waya, hiyo IP65 imebaki kwenye boksi lake la dukani. Mvua itaingia, sisimizi wataingia, na mjusi atahamia.

Dada anauliza mbona taa zake za LED zinawaka kwa mbali hata zikizimwa. Swichi yako ina kale kataa kekundu? Haina. Kangekuwepo, kenyewe hupitisha umeme kidogo unaotosha LED kumulika. Waya mrefu uliolala sambamba na wenye moto nao huweza kufanya hivyo. Lakini cha kwanza kushuku ni kile nilichowaonyesha ubaoni, na mpaka fundi apime, usipande kubadilisha balbu kwa kuamini swichi.

Mwenyeji wetu ameniambia taa ya geti lake ina wiki mbili haiwaki. Kijana, kazime meini swichi. Wengine twendeni nje, nikishapima tuifungue tuone aliyehamia ni nani.