Santuri za Jelly Roll Morton Zinaporudi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijawasha mashine, nina maneno machache juu ya sanduku hili la CD tano za Jelly Roll Morton, mpiga piano wa jazz wa Marekani, nyimbo za 1926 hadi 1930.

Tarehe 15 Septemba 1926, mjini Chicago, Morton aliketi kwenye piano kurekodi kwa kampuni ya Victor. Alikuwa na wenzake sita: George Mitchell wa koneti, Kid Ory wa tromboni, Omer Simeon wa klarineti, Johnny St. Cyr wa banjo, John Lindsay wa besi na Andrew Hilaire wa ngoma. Waliokulia nyumba za taarab wanaijua nembo ya Victor, yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Ndiyo hiyohiyo ya His Master's Voice, waliomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928.

Santuri ya inchi kumi ilibeba dakika tatu hivi, na Morton hakupoteza hata sekunde. Katika "Black Bottom Stomp", ya siku ile ile, kuna mahali bendi yote inanyamaza, piano inabaki peke yake: mkono wa kushoto unashika mwendo, wa kulia unajibu kama vile koneti na klarineti bado zipo. Halafu msikilizeni Lindsay. Anapiga mapigo mawili kwa kila kipimo, mara anaongeza yawe manne, na wimbo mzima unanyanyuka. Miaka miwili nyuma, enzi za kurekodi kwa kupigia mbele ya pembe kubwa badala ya maikrofoni, besi ile ingesikika kwa shida sana. Maikrofoni, ambayo Victor walianza kuitumia mwaka 1925, ndiyo iliyotuletea.

Hapo ndipo kazi ya kuzitoa upya santuri hizi kwenye CD inapokuwa amana. Santuri za zamani zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe, kwa hiyo lazima zivume. Wapo wanaouondoa uvumi wote kwa kompyuta. Niliwahi kununua toleo la namna hiyo. Lilikuwa safi kabisa, lakini matoazi ya Hilaire yalikuwa yamekwenda na uvumi, na klarineti ilisikika kama imefunikwa blanketi. Nililirudisha kabatini kwa uchungu. Mwendo nao una hatari yake: zungusha santuri kasi zaidi kwa asilimia 6 tu, wimbo unapanda nusu sauti, na piano si ile aliyoipiga mwenyewe.

Sanduku hili lilishughulikiwa na Mwingereza John R.T. Davies, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Temperance Seven. Ameziba milio ya nyufa, akaacha pumzi ya chumba. Kwangu mimi huyo ndiye mtunzaji.

Sasa naweka "Dead Man Blues", ya tarehe 21 Septemba, mwaka uleule wa 1926. Mtaanza kusikia Morton na St. Cyr wakizungumza: kengele inalia, bila shaka kuna aliyefariki. Bendi inaingia polepole, kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Baadaye klarineti zinakuwa tatu, maana Morton aliwaongeza Barney Bigard na Darnell Howard kwa ajili ya kipande hicho. Kinapigwa mara mbili. Mara ya pili, tegeni sikio chini ya klarineti: Kid Ory anaingia na tromboni, taratibu, akiomboleza peke yake.

Naomba mzime simu.