Nusu ya Mbwa

Nianze na mbwa. Ni Februari 1830, katika mji wa kubuni wa Dawson's Landing, Missouri, ukingoni mwa Mississippi. Wakili kijana, David Wilson, anasikia mbwa akibweka mahali fulani bila kunyamaza. Anasema: laiti nusu ya mbwa yule ingekuwa yangu, ningeiua nusu yangu. Naona mmecheka. Wenyeji hawakucheka. Walikaa kujadili hiyo nusu nyingine ingeishije, wakamwita mpumbavu, na jina likamganda miaka zaidi ya 20.

Hiyo ni Pudd'nhead Wilson, riwaya ya Mark Twain ya 1894. Sasa hao walioona mbwa hagawanyiki, binadamu walikuwa wakimgawa kila siku. Mtumwa Roxana ni mweupe kwa macho. Sehemu moja tu kati ya 16 za damu yake ni nyeusi, na hiyo moja, anasema Twain, imezishinda zile 15 kwa kura! Mwanawe ni moja kati ya 32, ana macho ya buluu. Bwana wa Roxana naye ana mtoto, mweupe, wa umri uleule, na hawatofautishi watoto hawa wawili ila kwa mavazi: wake ana melimeli yenye marinda na mkufu wa marijani, wa Roxana ana kishati cha kitani kigumu. Roxana, kwa hofu ya mwanawe kuuzwa mashamba ya kusini, anawabadilisha nguo. Basi, imekwisha: wake anakua kama bwana, yule mwingine kama mtumwa.

Kuna pacha wa Kiitalia humo ndani. Wanaichosha hadithi, nawaruka.

Kinachouma ni kwamba Roxana mwenyewe anaiamini hesabu ile. Mwanawe anapoogopa kupigana kwa bastola na mtu aliyempiga teke, anamwambia: sehemu 31 zako ni nyeupe, moja nyeusi, na hiyo moja ndiyo roho yako.

Mwishowe alama za vidole zinamfichua kijana kuwa muuaji, tena mtumwa. Anafungwa maisha. Wanaoidai mirathi ya bwana wa Roxana wanalalamika: huyu ni mali yetu, aliachwa nje ya orodha ya mali kimakosa. Gavana anamsamehe, nao wanamuuza kusini.

Mrithi halali, yule aliyelelewa kama mtumwa, je? Ni huru, tajiri, na hajui kusoma. Sebule ya Wazungu inamtisha, hutulia jikoni tu. Kanisani kiti cha ukoo ni mateso kwake, na roshani ya watumwa, alikozoea kukaa, haruhusiwi tena kuipanda.