Jinsi ya Kuutazama Mwezi Mpevu wa Mei na Juni Ukiwa Dar

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunakwenda ufukweni kuutazama mwezi mpevu ukichomoza baharini, na huhitaji kifaa chochote cha gharama.

Anza na tarehe. Chukua kalenda ya Kiislamu, tafuta tarehe 14 ya mwezi mwandamo. Wanaofunga masiku meupe, yaani 13, 14 na 15, hawana haja ya kuambiwa. Mwezi mpevu wa Mei ndio wa Vesak, Wabudha wanapoadhimisha kuzaliwa, kupata nuru na kufariki kwa Buddha, na Dar nayo ina hekalu lao. Huko Marekani ya Kaskazini wenyeji wa asili waliuita Mwezi wa Maua, kwa sababu kwao Mei ndiyo maua yanachanua. Wa Juni ni Mwezi wa Stroberi. Msiusubiri uwe wa waridi, jina hilo ni la majira tu, si la rangi.

Kwetu Mei ni mwisho wa masika, mawingu bado yapo. Kama unaweza kuchagua, mimi nakushauri Juni, kipupwe kikiwa kimeingia na anga limetakata.

Sasa mahali. Tafuta ufukwe unaotazama mashariki. Coco Beach panafaa, na mihogo ya kukaanga ipo hapo hapo. Ila kama nafasi inaruhusu, vuka Kigamboni, taa za mjini zibaki nyuma yako.

Fika mapema, saa kumi na mbili kamili jioni uwe umeshakaa, maana jua linazama kwenye kumi na mbili na robo hivi, na mwezi unatoka karibu muda huo huo. Hapa sikilizeni vizuri, wengi ndipo wanapoukosa: miezi hii jua liko kaskazini, kwa hiyo mwezi mpevu unakuwa upande wa pili, kusini. Usikodoe macho mbele yako tu. Elekea bahari, kisha geuka kidogo kuliani, kusini mashariki.

Kuhusu maji: mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Kwa kawaida maji hujaa kwenye saa kumi jioni, na mwezi unapotoka yameanza kupwa. Usiache viatu wala mkoba chini ulipokuta mchanga umelowa.

Haya, umetoka! Dakika za mwanzo ni mwekundu wa shaba, na ukingo wake wa chini umebonyea kidogo. Ni hewa nzito ya karibu na bahari inayofanya hivyo. Nyoosha mkono wako wote, ufunike kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Umetosha? Rudia saa tatu usiku ukiwa juu: ukucha ule ule unatosha. Ukubwa ule wa mwanzo ni macho yetu tu.

Kwa picha, egemeza simu kwenye kitu, gusa mwezi kwenye kioo, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga mpaka madoa yaonekane. Piga mapema, anga likiwa bado na buluu. Yale madoa meusi ni nyanda za mawe ya volkano. Kwenye moja, Bahari ya Utulivu, ndiko Apollo 11 ilikotua Julai 1969.

Jambo moja la jikoni: siku hizi za mwezi mpevu dagaa wa baharini huadimika, kwa sababu wavuvi wa taa hupumzika. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zao hazivuti samaki.

Mawingu yakikuzuia, rudi kesho yake. Mwezi utachelewa kwa dakika 50 hivi, utaukuta giza limeshaingia, na ile njia ya mwanga juu ya maji itaonekana wazi kuliko ya siku ya kwanza.