Mtego Huanza na Siri Ndogo: Mhadhara kwa Askari na Watumishi wa Magereza

Ndugu maafisa, askari, na watumishi raia mnaofanya kazi ndani ya kuta, asanteni kwa kuitikia mwito. Mada niliyopewa ni jinsi mfungwa anavyomrubuni mtumishi. Wengi wakiisikia wanafikiria bahasha, simu iliyofichwa ndani ya buti, kete za bangi. Hayo ni mwisho wa safari. Leo tuzungumzie mwanzo wake, ambako hakuna fedha wala simu, bali kuna askari mwenye nia njema na mfungwa mwenye muda.

Muda ndio mtaji wake mkubwa. Wewe katika zamu moja unawatupia jicho watu sitini au mia. Wao wote wanakutazama wewe tangu unaingia hadi unatoka. Wanajua nani huchelewa siku za Jumatatu, nani hupokea simu akarudi uso umekunjamana, buti za nani zimeisha soli, nani hapatani na mkuu wa zamu. Wala hawana haja ya kuuliza. Askari wawili wakisimama mlangoni mwa bweni wakilalamikia mshahara uliochelewa na likizo waliyonyimwa, yule anayefagia ukumbi hatua tatu kutoka hapo anafagia polepole kwa sababu.

Mara nyingi hafanyi kazi peke yake. Yupo anayekusoma, yupo anayejenga mazoea nawe, yupo anayezua ugomvi upande wa pili ili mwenzake abaki nawe dakika tano, na yupo ambaye kazi yake ni kukusifia mbele ya watu. Mwenye mpango wenyewe huenda hujawahi hata kusalimiana naye.

Jaribio la kwanza huwa dogo kiasi kwamba kulikataa kunaonekana roho mbaya. Tuchukue kalamu. Kanuni ya gereza lako inasema vifaa vya kuandikia vitolewe kwa kuandikishwa. Mfungwa anakuomba ya kwako, anaandika barua, kesho anairudisha kwa adabu zote. Hakuna kilichoharibika. Lakini ameshajua kwamba unaweza kupindisha kanuni, kwamba hukuandika popote, na kwamba mwenzako wa zamu hakuambiwa. Hilo la mwisho ndilo alilokuwa akilitafuta. Kalamu hakuihitaji.

Baada ya hapo ngazi hupandwa taratibu. Ataomba abaki nje dakika kumi baada ya wenzake kufungiwa. Kisha umpelekee rafiki yake wa bweni la pili karatasi iliyokunjwa, "shairi tu, afande." Kisha mama yake ni mgonjwa, namba hii hapa, umpigie tu kumjulia hali. Siku unayopiga kwa simu yako mwenyewe, namba yako imeshatoka nje. Wiki moja baadaye kinaingia kiasi kidogo cha fedha kwenye simu hiyo, hukukiomba, na ujumbe unasema ni shukrani ya vocha. Sasa upo muamala wenye jina lako, jina la ndugu wa mfungwa, tarehe na saa. Hata ukiufuta kwenye simu yako, kwa mtumaji na kwa kampuni ya simu umebaki.

Hapo ndipo lugha hubadilika. Neno "naomba" linatoweka. Anakukumbusha kwa upole kwamba yeye ana miaka mingi mbele yake na hana cha kupoteza, ila wewe una kazi na una watoto. Anachotaka mara hii si kalamu. Na angalia jambo moja: kosa ulilokwisha kulitenda bado ni dogo. Kinachokufunga ni hofu ya kulisema. Kila unapomlipa kwa kosa jipya ili alifiche la zamani, unamwongezea silaha.

Sifa nazo zina kazi yake. "Wewe si kama wenzako" ni kauli inayokupandisha na kukutenga kwa pumzi moja, kwa kuwa ukiipokea umekubali kwamba wenzako ni wabaya. Jibu lake ni fupi: "Hapa sote tunafuata kanuni moja," kisha unaendelea na kazi. Vivyo hivyo mkono unaowekwa begani, au uzi unaoondolewa kwenye kola yako bila kuombwa. Huo ni upimaji wa mpaka. Mwambie papo hapo, kwa sauti ya kawaida, asikuguse, na uliandike daftarini. Ukicheka ili yaishe, hayajaisha.

Watumishi raia wako hatarini zaidi kuliko wanavyodhani: wauguzi, walimu, mafundi wa karakana, viongozi wa dini. Kazi yao ni kusaidia, na wanakaa na watu walewale saa nyingi kila siku. Gereza la Clinton huko Dannemora, jimbo la New York, ni mfano unaojulikana duniani kote. Tarehe 6 Juni 2015 wafungwa wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji walitoroka kwa kukata kuta za chuma na bomba. Misumeno waliletewa na msimamizi raia wa karakana ya ushonaji, ikiwa imefichwa ndani ya nyama ya kusaga iliyogandishwa. Askari aliyewafikishia nyama hiyo hakuipitisha kwenye kitambuzi cha chuma. Alisema hakujua kilichokuwamo. Ila alikuwa amezoea kupokea picha zilizochorwa na mmoja wa wafungwa hao. Picha, kipande cha nyama, mazungumzo ya kila siku. Mmoja wa watoro aliuawa kwa risasi tarehe 26 Juni, wa pili akakamatwa siku mbili baadaye, na msimamizi yule akaishia kufungwa yeye mwenyewe.

Wakati mwingine kinachorubuniwa ni jengo zima. Tarehe 25 Septemba 1983 wafungwa 38 walitoroka gereza la Maze, Ireland ya Kaskazini. Kabla ya hapo walikuwa wametuliza uhasama na askari na kupata kazi za usafi na uhudumu zilizowawezesha kutembea ndani ya jengo wakisoma taratibu zake. Utulivu wa ghafla kwa kundi lililokuwa korofi unastahili kuchunguzwa kama ghasia inavyochunguzwa. Ni vigumu kulieleza hili kwa mkuu aliyefurahi kwamba ripoti za mwezi hazina matukio, lakini elezeni.

Nitasema kidogo kuhusu wanyapara, yaani wafungwa wanaowasimamia wenzao. Kanuni ya 40 ya Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, inakataza mfungwa kupewa kazi yenye mamlaka ya kinidhamu. Tunaisoma kama haki ya wafungwa, na ni kweli. Ni ulinzi wa askari pia. Pale ambapo mnyapara ndiye anayehesabu watu, anayegawa nafasi za kulala na anayekuletea habari, yeye ndiye anayeamua wewe ujue nini.

Sasa kujikinga. Wapo wanaodhani dawa ni ukali: usimsalimu mfungwa, usimsikilize, kila kitu hapana. Siafikiani nao kabisa. Askari asiyesikiliza hapati habari, na mfungwa aliyenyimwa haki yake ya kawaida huinunua kwingine. Barua ikikaa wiki tatu ofisini bila kutumwa, tayari mmefungua soko, na muuzaji atakuwa mmoja wenu. Kanuni ya 56 ya hizohizo za Mandela inataka mfungwa apate nafasi ya kutoa ombi au malalamiko kila siku. Gereza linalojibu maombi kwa wakati humnyima mrubuni bidhaa yake. Na tusisahau kwamba maombi mengi ni maombi tu. Mtu aliyefungiwa hana njia ya kupata hata sabuni bila kuomba.

Kwa hiyo kinachohitajika ni namna ya kujibu. Majibu halali ni matatu: ndiyo, na iandikwe; hapana, na sababu yake; au "hilo si langu, anayehusika ni fulani, nitampelekea leo kabla ya kumaliza zamu." Neno la kuepuka ni "nitaangalia." Kwako ni adabu, kwake ni ahadi. Kesho atakudai, na ukijisikia una deni utalilipa kwa upendeleo. Akikwambia, "Fulani wa zamu ya jana aliniruhusu," usibishane wala usikubali: mwambie utamuuliza fulani, kisha umuulize kweli. Mfungwa anayewachonganisha askari wa zamu mbili hutegemea ninyi kutosemeshana.

Kipimo cha kujipima mwenyewe ni hiki: je, ningelifanya jambo hili mwenzangu akiwa amesimama hapa, na je, nitalitaja kwenye makabidhiano? Kama unatafuta maneno ya kulizungukia, umeshapata jibu. Kwa mwenzako, tazama mabadiliko: anabadilishana zamu ili awe bweni fulani, anamtetea mfungwa mmoja kila kikao, anamruka kwenye upekuzi, anajua habari za familia yake, anarudi kazini siku ya mapumziko bila sababu. Dalili moja si ushahidi. Mbili au tatu zikikutana, zungumza naye kwanza kama ni ukaribu tu; kama kuna kitu kimeingizwa, taarifa inakwenda juu siku hiyohiyo.

Na aliyekwisha kunaswa? Aache kutoa chochote kuanzia sasa. Asimwonye mfungwa wala asijaribu kumalizana naye faragha. Asifute ujumbe wala miamala. Aandike kwa mpangilio: tarehe, mahali, kilichoombwa kwa maneno yaliyotumika, alichotoa, nani alikuwapo. Ampelekee ofisa aliye juu yake, au wa idara nyingine kama huyo naye anatiliwa shaka. Akabidhi simu ikihitajika.

Hapa nawageukia wakuu. Askari anayekuja mwenyewe kusema alimpigia simu ndugu wa mfungwa akizawadiwa adhabu ileile ya aliyekamatwa akiingiza dawa za kulevya, hatakuja mwingine. Tofautisheni kosa lililoripotiwa na lililofichwa, na mlitangaze hilo kwa maandishi kabla halijatokea. Upekuzi wa langoni uwe wa kila mtu, cheo chochote, mfuko na chakula, kila siku. Ukiruka wenye vyeo, shinikizo la wafungwa litahamia kwa wenye vyeo. Wahamisheni askari kati ya mabweni kwa ratiba isiyotabirika, hasa wa karakana na zahanati, na mfungwa aliyemnasa mtumishi naye ahamishwe. Ukimhamisha askari peke yake, yule mfungwa anabaki palepale, na aliyepangwa kuchukua nafasi hiyo anaingia bila kuambiwa kilichompata mwenzake.